Bayoteknolojia shuleni: Jinsi mradi unavyofika mashindano ya kitaifa

MUHULA wa kwanza unapofunguliwa kila Januari, walimu wa sayansi kote nchini huanza kuulizwa swali moja na wanafunzi wao: "Mwalimu, mwaka huu tufanye mradi gani?" Swali hilo huwa limechelewa.

Mashindano ya Sayansi na Uhandisi nchini, yanayofahamika kwa ufupisho KSEF, hufanyika katika muhula huohuo. Huanzia shuleni, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo na hatimaye fainali ya kitaifa ambayo mara nyingi huandaliwa mwezi wa Aprili. Kwa mradi wa hisabati au wa nyaya za umeme, majuma matano huenda yakatosha. Kwa mradi wa bayoteknolojia, ambao hutegemea kiumbe hai kinachokua kwa wakati wake, hayatoshi hata kidogo. Mche wa maharagwe hauharakishwi kwa sababu waamuzi wa kaunti ndogo wanakuja Alhamisi.

Mradi hasa huanza muhula wa tatu wa mwaka uliotangulia, na pengine mapema kuliko hapo.

Nini huitwa bayoteknolojia

Katika orodha ya vitengo vya KSEF, Biolojia na Bayoteknolojia huhesabiwa kuwa kitengo kimoja. Karibu nacho kuna Kilimo, Usimamizi wa Mazingira, na kile cha Teknolojia ya Vyakula. Jina bayoteknolojia limewatia watu wengi hofu kwa kuwa katika mijadala ya kisiasa limefungamanishwa na mahindi yaliyobadilishwa jeni, ambayo serikali ilipiga marufuku uagizaji wake mnamo 2012 na kuondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, uamuzi uliozua kesi mahakamani. Lakini ubadilishaji jeni ni chumba kimoja tu katika nyumba kubwa. Bayoteknolojia ni kutumia kiumbe hai, au sehemu yake, kutengeneza bidhaa au kutatua tatizo. Mama anayechachisha mursik ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi ya mti maalumu anafanya bayoteknolojia. Kadhalika mpishi wa mkate anayetia hamira, na mkulima anayegeuza kinyesi cha ng'ombe kuwa gesi ya kupikia.

Kwa mwanafunzi, maana hiyo pana ni ya manufaa. Hahitaji mashine ya mamilioni. Anachohitaji ni kiumbe salama, swali moja lililo wazi, na subira.

Uchaguzi wa kitengo usifanywe kwa kubahatisha. Mradi wa kutengeneza mbolea kwa kutumia bakteria waweza kuingia katika Kilimo au katika Biolojia na Bayoteknolojia, na waamuzi wa vitengo hivi viwili hutazama mambo tofauti. Wale wa Kilimo watauliza mkulima atafaidika vipi na atagharamika kiasi gani. Wale wa Bayoteknolojia watataka kujua bakteria yenyewe inafanya nini na mwanafunzi amejuaje. Kanuni nzuri ni hii: kama sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kumchunguza kiumbe, mradi ni wa bayoteknolojia, kama ilikuwa kuijaribu mbinu shambani, ni wa kilimo.

Onyesho si utafiti

Makosa yanayoangusha miradi mingi huanzia kwenye kichwa cha mradi. Kutoa DNA kutoka kwa kitunguu kwa kutumia sabuni, chumvi na spiriti baridi ni jambo la kupendeza, na nyuzi nyeupe zinazoelea juu ya kimiminika huwashangaza wageni. Hata hivyo, hilo ni onyesho. Jawabu lake limejulikana kwa miaka mingi na halibadiliki. Onyesho hugeuka kuwa utafiti pale mwanafunzi anapouliza jambo ambalo hajui jibu lake: je, maji ya papai bichi, yaliyo na kimeng'enya kinachovunja protini, yanaongeza kiasi cha DNA kinachopatikana, na kwa kipimo gani?

Kuna pia miradi iliyochoka. Waamuzi wa miaka mingi wanaweza kuikariri bila kutazama bango: muarubaini unaoua mbu, mlonge unaosafisha maji, aloe inayoua bakteria, gugu-maji la Ziwa Victoria linalotoa bayogesi. Si kwamba miradi hiyo ni mibaya. Ubaya ni kuirudia kama ilivyo. Mwanafunzi wa Homa Bay anayetaka kulishughulikia gugu-maji ana haki kamili ya kufanya hivyo, kwani ndilo lililofunga njia ya mashua za jamaa zake. Ila aulize jambo jipya, kwa mfano uwiano gani wa gugu na kinyesi cha ng'ombe hutoa gesi mapema zaidi, na kama kulikatakata gugu au kulikausha kwanza kuna tofauti yoyote.

Mfano wa maharagwe

Tuchukue mradi mmoja na kuufuata tangu mwanzo, kwa kuwa ndani yake mna karibu mitego yote.

Mizizi ya jamii ya kunde huwa na vinundu vidogo ambamo huishi bakteria waitwao rhizobia. Bakteria hao hunasa naitrojeni kutoka hewani na kuipa mimea, nayo mimea huwalipa kwa sukari. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikikuza bakteria hao kwa miaka mingi kupitia mradi wa MIRCEN, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana Biofix, unga unaopakwa mbegu kabla ya kupandwa na ambao huuzwa katika maduka ya pembejeo. Swali la mwanafunzi lawa hili: je, unga huo unafanya kazi katika udongo wenye asidi nyingi, kama ule wa sehemu kadhaa za magharibi mwa Kenya, au ni lazima kwanza udongo utiwe chokaa?

Kutokana na swali hilo yapatikana makundi manne: mbegu bila chochote, mbegu zilizopakwa unga pekee, udongo uliotiwa chokaa pekee, na unga pamoja na chokaa. Kundi la kwanza ndilo la ulinganisho, na bila hilo mradi hauna maana. Kila kundi lipewe mikebe kumi, jumla mikebe 40. Mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia yatosha, mradi itobolewe chini na iwe ya ukubwa mmoja.

Kwa nini kumi? Kwa sababu mmea mmoja hausemi lolote. Huenda uliota vibaya, ukaliwa na konokono au ukakosa jua. Isitoshe, wastani peke yake hudanganya. Mimea mitatu yenye vinundu 19, 20 na 21 ina wastani wa 20. Na mimea mitatu yenye vinundu 2, 3 na 55 ina wastani wa 20 vilevile. Mwanafunzi anayeandika "wastani 20" na kunyamaza amewaficha waamuzi jambo kubwa. Aonyeshe pia upana wa tofauti, na kama mwalimu wa hisabati yupo tayari kusaidia, afanye jaribio la takwimu la kubaini kama tofauti kati ya makundi ni ya kweli au ni sadfa.

Mitego mingine haionekani kwa macho. Bakteria wa maharagwe si wale wa soya; anayenunua pakiti isiyo ya zao lake atapata matokeo mabovu na kuilaumu sayansi. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuua wadudu au kuvu zinaweza kuwaua rhizobia kabla hawajafika ardhini. Jua kali huwaua pia, kwa hivyo upakaji ufanyiwe kivulini na mbegu zipandwe siku hiyohiyo. Mbolea yenye naitrojeni isitumike kabisa, kwa maana mmea ulioshiba hauna haja ya kumkaribisha mgeni. Maji yakimwagwa kwa nguvu huruka kutoka mkebe hadi mkebe na kuwabeba bakteria kuwapeleka kwenye kundi la ulinganisho. Mikebe isipangwe kundi kwa kundi, la kwanza dirishani na la nne gizani. Ichanganywe kwa kupigiwa kura.

Na hata hivyo, kundi la ulinganisho laweza kutoa vinundu, kwa kuwa udongo wa shamba una rhizobia wake wa asili. Mwanafunzi asishtuke wala asivifiche. Hapo ndipo mradi unapoanza kuwa wa kuvutia: avipasue vinundu kwa wembe na kutazama rangi. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu au cha waridi ndani, kutokana na leghemoglobini, protini iliyo jamaa ya ile inayoipa damu wekundu wake. Kilicho cheupe au cha kijani hakizalishi kitu cha maana. Kuhesabu vinundu ni kazi ya mwanafunzi mwenye bidii. Kuhesabu vilivyo hai na kuvitenganisha na vilivyokufa ni kazi ya mwanafunzi anayefikiri.

Maharagwe yaliyopandwa wiki ya kwanza ya muhula wa tatu huanza kuchanua majuma kama sita baadaye, kabla ya shule kufungwa. Huo ndio wakati wa kung'oa na kuhesabu. Likizo ya Desemba yabaki kwa uandishi na kuchora grafu, na Januari, badala ya kuuliza "tufanye mradi gani", mwanafunzi atakuwa akirudia jaribio lake ili kuthibitisha. Shule ya bweni iliyopanda Novemba itajikuta ikimbembeleza mtunza bustani amwagilie mikebe 40 kwa vikombe vilivyopimwa, naye ana kazi zake.

Wazo la rhizobia si dogo kama linavyoonekana. Mnamo 2013 wasichana watatu wa shule moja mjini Kinsale, Ireland, waliibuka washindi wa mashindano ya kitaifa ya nchi yao baada ya kujiuliza kama bakteria hao wa kunde wanaweza kusaidia nafaka, ambazo kwa kawaida hazina uhusiano nao. Walijaribu maelfu ya mbegu za shayiri na za oti. Mwaka huohuo walishinda mashindano ya vijana wa Muungano wa Ulaya, na mnamo 2014 wakanyakua tuzo kuu ya Google Science Fair, mashindano ambayo yalisitishwa miaka michache baadaye. Chanzo cha yote kilikuwa mbaazi za bustanini ambazo mizizi yake ilikuwa na manundunundu.

Mashindano hayo ya Ireland, yaliyoanza 1965, ndiyo yaliyokuwa kielelezo cha Young Scientists Kenya, ambayo iliandaa maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa jijini Nairobi mnamo 2018 kwa msaada wa serikali ya Ireland. Kwa hivyo mwanafunzi wa Kenya ana milango miwili, na mradi ulioangushwa katika mmoja haujafa.

Usalama: hapa pana hatari ya kweli

Ikiwa kuna sehemu moja ambayo mwalimu mlezi hapaswi kuisoma haraka, ni hii. Mradi wa umeme ukiharibika, fyuzi hukatika. Mradi wa vijidudu ukiharibika, dalili huonekana siku kadhaa baadaye, tena kwa mtu ambaye hakuugusa.

Jaribio linalopendwa sana ni kupaka kitambaa kwenye mlango wa choo, simu au koo la mwenzako, kisha kuotesha kilichopatikana juu ya agari. Mwanafunzi hajui amekuza nini. Baada ya saa 48 bakteria mmoja asiyeonekana amekuwa mamilioni, na kati yao huenda wamo wale wanaosababisha vidonda, nimonia au kuharisha. Kanuni za mashindano ya kimataifa ya ISEF, ambayo ndiyo kilele cha safari hii, zinakataza kabisa kukuza vijidudu nyumbani, hata wale wanaohesabiwa kuwa wapole. Kazi hiyo hufanyiwa maabara, chini ya mtu mzima aliyehitimu. Sahani ya vijidudu visivyojulikana ikishafungwa kwa utepe haifunguliwi tena. Huhesabiwa ikiwa imefungwa na huteketezwa ikiwa imefungwa. Anayetaka kuifungua ili kuendelea na uchunguzi lazima ahamie maabara ya kiwango cha pili cha usalama, na shule nyingi hazina.

Kuteketeza si kutupa jalalani. Sahani huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi, na shule isiyo na mtambo maalumu yaweza kutumia sufuria ya presha kwa muda usiopungua nusu saa, sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Joto la kuoteshea nalo lina siri yake: shule huhimizwa kutumia nyuzi karibu 25, si 37, kwa kuwa 37 ni joto la mwili wa binadamu na huwapendelea vijidudu vilivyozoea kuishi ndani yetu.

Njia rahisi ya kuepuka haya yote ni kuchagua kiumbe mpole tangu mwanzo. Hamira ya kuokea mkate, rhizobia, bakteria wa maziwa lala na mwani wa maji baridi hutoa maswali ya kutosha kwa miaka yote ya sekondari.

Kuna mada ambazo mioyo ya wanafunzi huvutwa kwazo kwa sababu nzuri. Sumukuvu ni mojawapo. Mnamo 2004 mahindi yaliyoingia kuvu huko mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, yaliwadhuru watu 317 waliothibitishwa na wahudumu wa afya, na 125 kati yao wakafariki. Mwanafunzi aliyetoka huko ana sababu ya kulichunguza suala hili kuliko mtu yeyote. Lakini kukuza kuvu huyo katika maabara ya shule ni kujitakia balaa, kwani vumbi la mbegu zake huvutwa kwa pumzi na sumu yenyewe hushambulia ini. Afadhali achunguze kinachotangulia kuvu: unyevu wa mahindi ghalani, muda wa kuanika, aina ya magunia. Anaweza pia kusoma jinsi Aflasafe inavyofanya kazi, bidhaa ambayo hutawanya shambani kuvu wa jamii hiyohiyo asiyetoa sumu ili amnyang'anye mwenzake nafasi na chakula. Hiyo ni bayoteknolojia iliyo hai nchini, na taasisi ya KALRO imehusika nayo.

Kuhusu kubadilisha jeni, sheria ni wazi. Chini ya Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009, kazi ya namna hiyo huhitaji idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Viumbe, hata ikiwa itafanyiwa ndani ya maabara iliyofungwa. Mwanafunzi atakayeigusa ataigusa ndani ya taasisi iliyokwisha kuidhinishwa, chini ya mtafiti wake.

Binadamu na wanyama

Wengi husahau kwamba kumwonjesha jirani mursik na kumwuliza kama ni tamu ni utafiti juu ya binadamu. Vivyo hivyo dodoso. Kwa kanuni za ISEF, mradi wa namna hiyo lazima upitiwe na kamati kabla ya kuanza, na washiriki watie sahihi ya kukubali. Walio chini ya miaka 18 huhitaji pia ridhaa ya mzazi. Idhini inayotafutwa baada ya kazi kumalizika haihesabiwi, na hakuna machozi yatakayoirudisha nyuma tarehe.

Majaribio ya kutafuta kipimo cha sumu kinachoua panya, kuku au samaki yamekatazwa. Wadudu hawana masharti makali kiasi hicho, na kiwavijeshi aliyeingia nchini mnamo 2017 na kuvamia mahindi ni adui ambaye hakuna atakayemlilia.

Daftari, ripoti na bango

KSEF huruhusu wanafunzi wasiozidi wawili kwa kila mradi. Wawili hao hutathminiwa kwa maandishi, kwa maelezo ya mdomo na kwa uzito wa fikra za kisayansi zilizo ndani ya kazi. Wote wawili huulizwa. Pale mmoja anapozungumza na mwenzake kutazama dari, waamuzi huelewa upesi nani alifanya kazi na nani alibeba mikebe.

Daftari la kila siku ndilo shahidi mkuu. Liandikwe kwa kalamu ya wino, kurasa zihesabiwe, na kila kilichotendeka kiwe na tarehe, pamoja na yale yaliyoharibika: siku maji yalipokosekana, siku mbuzi wa mwalimu mkuu alipoingia bustanini. Daftari safi mno, lililoandikwa kwa mwandiko mmoja usiobadilika na bila hata tone la matope, halimshawishi mwamuzi aliyewahi kufanya utafiti mwenyewe.

Ripoti hufuata mpangilio unaojulikana: muhtasari, chimbuko la tatizo, malengo, nadharia-tete, kazi za waliotangulia, vigeu, mbinu, matokeo, uchanganuzi na mapendekezo. Muhtasari huja mwanzoni lakini huandikwa mwisho. Sehemu ya kazi za waliotangulia ndiyo inayodhihirisha wanafunzi walionakili. Aya iliyochukuliwa neno kwa neno kutoka intaneti hujitenga na zingine kama tajiri katika foleni ya matatu.

Matokeo yanayokanusha nadharia-tete yaachwe yalivyo. Mwanafunzi aliyegundua kwamba chokaa haikuleta tofauti yoyote amegundua jambo, na atajieleza vyema zaidi ya yule aliyesugua tarakimu usiku ili zilingane na matarajio.

Hapa pana dhambi nyingine inayofahamika na kunong'onezwa: mradi wa mwalimu. Shule inayotaka jina humwazima mtafiti, kazi ikafanywa na mtu mzima, kisha watoto wawili wakafundishwa kuikariri. Mwamuzi mwerevu huuliza swali dogo lisilo katika ripoti, kama vile kwa nini walitumia mililita 50 za maji na si 100, na jumba lote huporomoka. Wanaoumia ni watoto hao wawili, ambao hurudi nyumbani wakiamini kwamba sayansi ni tamthilia.

Shule isiyo na maabara

Umaskini wa vifaa ni kizuizi cha kweli, lakini haujawa ukuta. Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya upili ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani mnamo 2019 pamoja na dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, intaneti duni, na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58. Hata hivyo, wanafunzi wake walitambuliwa na chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kwa mradi wa kuzalisha umeme kutokana na mimea, na wengine wakafuzu kwa ISEF ya 2019 jimboni Arizona, Marekani, kwa kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Tabichi alikuwa ameanzisha klabu ya kukuza vipaji na kuwatembelea wanafunzi makwao wikendi. Hakungoja maabara.

Shule iliyo karibu na taasisi ya utafiti isione haya kubisha hodi. Nairobi na viunga vyake ina KEMRI, iliyoundwa 1979, na icipe, kituo cha wadudu kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mnamo 1970. Juja ipo JKUAT, na KALRO ina vituo katika pembe nyingi za nchi. Barua ya ukurasa mmoja iliyotiwa muhuri na mwalimu mkuu, yenye swali mahususi, hujibiwa mara nyingi zaidi kuliko ile inayoomba "msaada wa mradi". Aliyekwisha kufanya sehemu ya kazi husikilizwa upesi. Msaada wowote uliopokewa uandikwe katika shukrani: nani alipima nini, kwa mashine ya nani.

Kilele cha kimataifa

ISEF ilianzishwa Philadelphia mnamo 1950 kama mashindano ya Marekani pekee, ikawa ya kimataifa mnamo 1958, na tangu 2020 imefadhiliwa na kampuni ya dawa ya Regeneron. Hufanyika mwezi wa Mei. Hakuna anayejiandikisha mwenyewe; mshiriki hutoka katika mashindano yanayotambuliwa na waandalizi. Ni lazima awe katika miaka minne ya mwisho ya masomo ya sekondari na asiwe ametimiza miaka 20 kufikia Mei 1. Kazi inayowasilishwa isizidi miezi 12 mfululizo.

Fomu ndizo huwaangusha wengi. Kuna fomu ya mwalimu msimamizi, ya mwanafunzi na mpango wake wa utafiti, na ya idhini. Mradi wa vijidudu huongezewa fomu 6A inayoeleza hatari na namna ya kuziepuka. Baadhi hutakiwa kutiwa sahihi kabla ya jaribio la kwanza kuanza. Timu inayoshinda Aprili jijini na kuanza kuulizia fomu hizo siku hiyo huwa imechelewa miezi saba. Mwalimu mlezi mwenye busara huzijaza Septemba, hata kama mradi hautavuka kaunti ndogo. Pasipoti za wanafunzi nazo zisingoje matokeo.

Jambo moja huwashangaza waliofika huko: mimea, udongo, maji na vijidudu haviruhusiwi kwenye kibanda. Mikebe 40 ya maharagwe hubaki nyumbani. Kinachosafiri ni picha, grafu, daftari na ulimi.

Mali ni ya nani?

Baada ya makofi, swali la umiliki huanza. Kabla ya maonyesho, mwanafunzi ambaye kazi yake ina uvumbuzi unaoweza kuuzwa yafaa ajue kwamba hataza hutolewa kwa jambo jipya, na kulitangaza hadharani hulipunguzia upya wake. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 humpa mvumbuzi muhula wa miezi 12 tangu alipotangaza ili awasilishe ombi kwa taasisi ya KIPI. Baadhi ya nchi nyingine hazina huruma hiyo.

Swali huwa gumu zaidi pale maarifa yanapotoka kwa nyanya wa kijijini. Mwanafunzi aliyeonyeshwa mti unaohifadhi maziwa hakuuvumbua, aliupokea. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali kulinda maarifa asilia kuhusu mimea na wanyama, na mnamo 2016 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi. Jina la jamii liandikwe katika ripoti na ridhaa ya mzee husika ichukuliwe.

Kenya ina kumbukumbu chungu kuhusu hili. Mnamo 1992 watafiti wa kigeni walichukua sampuli za vijidudu kutoka Ziwa Bogoria, ambako maji ya moto yenye magadi huzaa viumbe vinavyostahimili yale yasiyostahimilika. Vimeng'enya vilivyotokana na viumbe vya maziwa ya Bonde la Ufa baadaye viliingia katika biashara ya sabuni na ya kufifisha rangi ya jinzi. Mnamo 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai mgawo, likisema halikuwa limeidhinisha biashara hiyo. Kampuni iliyotajwa ilikana kukosea. Miaka mitatu baadaye KWS ilitia saini mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, uliotoa nafasi kwa Wakenya kupata mafunzo na mgawo wa mapato. Hadi leo, anayetaka kuchota tope la Bogoria kwa ajili ya mradi wa shule huanzia kwa wasimamizi wa hifadhi hiyo, akiwa na barua mkononi na chupa tupu.